Kichwa Changu na Jina la Batula

Batula alizikwa Modogashe wiki iliyopita, na tangu habari zifike hapa Garissa nyumba yangu imejaa watu waliokuja kunipa pole. Wanavua viatu mlangoni, wanaketi kwenye mikeka yangu, wanakunywa chai yangu, kisha kila mmoja anaanza maneno yale yale: marehemu alikuwa mama yako wa pili, marehemu alikupenda kuliko watoto aliowazaa, marehemu hakuwa na mfano. Jana mwanamke mmoja alilia hapa sebuleni mpaka akaletewa maji. Mama yake mwanamke huyo ndiye aliyekuwa akiwafunika watoto wake shuka kila Batula alipopita njiani. Nilimtazama akijifuta machozi nikauma ulimi, kwa sababu msibani si mahali pa kugombana. Humu ninapoandika hakuna msiba, nitasema ninavyotaka. Batula hakunipenda hata siku moja, nami sikumpenda. Alikuwa na ulimi mkali, mkono mzito, na uso usiojua kucheka na mtoto. Ninaishi leo kwa sababu yake, na mji huu ulimfanyia ubaya mpaka akauhama. Mambo yote mawili ni kweli, na sitaki mtu aje kulipaka moja asali ili nilisahau la pili.

Ulikuwa mwaka wa hali ya hatari, Waingereza walipokuwa wakipigana na Mau Mau huko milimani, na sisi wa upande huu hatukuruhusiwa kwenda kokote bila pasi ya serikali. Nilikuwa na miaka kumi na moja au karibu na hapo. Tulikaa katika nyumba ya udongo yenye vyumba viwili, kimoja cha Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama, na cha pili cha Batula, mke mdogo wa baba. Mimi nilimwita Eedo, shangazi, kwa kuwa ndivyo mtoto wa Kisomali anavyomwita mke mwenza wa mama yake, apende asipende. Ukuta wa katikati haukufika kwenye mabati, na kila neno liliruka juu yake. Hooyo alilijua hilo, tena alilitumia. Alipopata wageni alipaza sauti kidogo tu, ya kutosha kuvuka ukuta, na kusema kuna wanawake ambao matumbo yao ni kama visima vilivyokauka. Batula hakuwa amezaa. Upande wa pili nilimsikia akitikisa kibuyu cha maziwa kwa nguvu, akikitikisa mpaka wageni waondoke.

Ugonjwa ulianza na asubuhi. Niliamka kichwa kinauma kama kinachopasuliwa kwa nyuma, kisha nikatapika bila hata kichefuchefu, matapishi yakaruka mpaka ukutani. Baada ya hapo nilipata nafuu. Jua likipanda nilikuwa ninakula anjera na chai kama mtu mzima wa afya, na kwa hiyo wakaamua ninajifanya mgonjwa ili nisiende duksi, chuo chetu cha Kurani. Hakuna aliyejiuliza mtoto gani anajua kujifanya kwa saa moja kila alfajiri. Nilipelekwa duksi. Mistari niliyoandika kwenye ubao wa mbao ilianza kupanda upande mmoja kama mbuzi wanaopanda kichuguu, na maalim akanichapa viganja kwa uzembe. Nikaanza kuinamisha kichwa bega la kushoto, kwa sababu nikikisimamisha nilimwona kila mtu akiwa wawili. Maalim akanichapa kwa madaha. Kisha miguu ikanitoroka. Nilipotumwa maziwa niliyamwaga. Nilipovuka ua nilipepesuka, na vijana waliokuwa wakipakia mbuzi kwenye lori wakauliza nani amempa pombe binti wa Kisomali. Walicheka sana. Mmoja wao sasa ni mzee mwenye ndevu nyekundu za hina, naye alikuja juzi kunipa pole.

Dresa, mfunga vidonda wa zahanati, alinipa dawa ya minyoo, halafu kwinini. Sheikh alinisomea, mtu mpole yule, akasema amesoma alichosoma na shifa ni ya Mungu, ila nitazamwe pia na daktari. Hawakumsikiliza. Waliniletea mwanamke wa kuchoma, aliyejua kutoa maumivu kwa kijiti cha moto, naye akanichoma nyuma ya shingo na kwenye paji la uso huku shangazi wawili wamenikalia miguu. Harufu ya ngozi yangu mwenyewe ilinikaa puani mpaka Idi. Maumivu yalipobaki palepale, wakaanza kutafuta mtu wa kulaumiwa. Mmoja akakumbuka kwamba kabla ya mvua Batula alinisuka nywele uani, akasema, "Mtoto huyu ana nywele nyingi kweli," na hakusema mashallah. Walimsikia. Walikuwa na mashahidi. Mwanamke tasa amesifia kichwa cha mtoto wa mke mwenzake, na sasa kichwa hicho hicho kinaoza. Nani alihitaji daktari? Jicho baya lilikuwa limeonekana.

Nasema mpaka leo kwamba hakuna jela iliyowahi kujengwa Garissa kama ile waliyomjengea Batula bila tofali. Mtoni wanawake walisubiri achote maji aondoke ndipo wao wateremke. Maziwa aliyokuwa akiuza yaliganda kibuyuni. Aliposalimia, waliitikia wakiangalia chini, wakitema mate pembeni ili ubaya usiingie. Naye hakuwa mtu wa kunyenyekea. Aliyamwaga maziwa yaliyoganda mbele ya milango yao. Alinitazama mimi, chanzo cha balaa lake, kama mtu anavyomtazama chawa. Siku moja nilianguka kizingitini kwake, akanivuta kwa mkono mmoja, akaniuliza, "Unataka nini kwangu wewe? Huwezi kuumwa tumbo kama watoto wengine?"

Halafu akapita daktari wa serikali, Mzungu kijana aliyekuwa kwenye ziara ya zahanati. Baba alinipeleka kwa shingo upande. Yule daktari aliniambia niguse pua yangu kwa kidole, nikagusa shavu. Akaniambia nitembee juu ya mstari wa saruji, nikauacha. Akaniingiza chumba chenye giza, akanimulika ndani ya macho kwa kurunzi ndogo, uso wake karibu na wangu mpaka nikasikia harufu ya tumbaku, na alipomaliza hakuwa akitabasamu tena. Dresa akamtafsiria baba: kuna kitu kinaota ndani ya kichwa, upande wa nyuma, nacho kinasukuma. Mishipa ya macho imevimba. Macho yatazimika kwanza, kisha mtoto. Dawa ya kunywa hakuna. Nairobi yuko daktari mpasuaji aliyejifunza kazi ya vichwa vitani, kwa askari waliopigwa risasi. Apelekwe upesi, kichwa kifunguliwe. Baba alishukuru kwa adabu, akanirudisha nyumbani, akaketi.

Hooyo alikuwa amejifungua, yuko ndani ya arobaini, hatoki. Alipoambiwa alipiga yowe. Alisema hatamtoa mwanawe akakatwe na makafiri, afe huko, azikwe bila kuoshwa. Simlaumu sana kwa hilo. Yowe la mama ni yowe la mama. Baba alihamia chumba cha pili kupumzisha masikio, na huko ndiko nilikosikia, nimelala chini ya ukuta na kitambaa cha maji usoni, Batula akimwambia, "Mpeleke."

"Wamfungue binti yangu kichwa kama tikiti maji?"

"Mpeleke, au mimi nitampeleka."

"Wewe? Mama yake atakubali vipi wewe?"

"Asikubali. Mtoto akifa hapa, watasema nimemla. Watasema hivyo mpaka nife na mimi, na watoto wao watasema. Nataka hicho kichwa kifunguliwe. Nataka kitazamwe kilichomo. Kama ni jicho langu ndilo limo humo, walitoe waniletee nilione."

Baba akasema ametakasika Mungu, maneno gani hayo. Batula akamwambia kesho atayasema tena mbele ya wanaume, pale baba anapokunywa chai, na alifanya hivyo. Alisimama mbele ya benchi lao akiwa amejifunga shuka kichwani, akamwuliza baba kama anamkataza kumpeleka mtoto hospitali, na kama anamkataza, aseme hivyo wasikie wote, ili mtoto akizikwa ijulikane nani alikataza. Baba alikuwa mtu wa kuogopa macho ya watu. Akasema sikatazi. Hiyo ndiyo ruhusa niliyopata. Nimesikia watu wakisema baba yangu alipigania uhai wangu. Alisema neno moja, tena akiangalia kikombe.

Pasi tuliifuata ofisini kwa DC, mimi na Batula tu. Karani alikuwa mtu wa bara, amevaa kaptula iliyopigwa pasi vizuri, na Kiswahili cha Batula kilikuwa cha sokoni.

"Mimi nataka basi," akasema.

"Basi halifiki hapa, mama. Nenda kule malori yanakosimama."

"Si basi ya gari. Basi ya karatasi. Basi ya kubita."

"Ah, pasi. Ya nani?"

"Ya huyu. Kichwa yake nagonjwa. Naenda kubasua Nairobi."

Karani akanitazama. "Ni mtoto wako?"

"Hapana."

"Mama yake yuko wapi?"

"Nyumbani. Natukana mimi."

Karani alicheka, akasema turudi wiki ijayo, DC yuko safarini Ijara. Batula akaketi pale pale barazani, miguu ameinyoosha, akaniweka kando yake. Asubuhi iliyofuata tulirudi mapema, nami nikatapika kwenye ngazi za ofisi ya serikali, mbele ya bendera, wakati DC mwenyewe, aliyerudi mapema kuliko tulivyoambiwa, anashuka kwenye gari lake. Akauliza maswali, dresa akaitwa, pasi ikaandikwa. Batula hakumshukuru mtu. Alinifuta mdomo kwa nguvu mpaka ukaniuma, akasema, "Leo umefanya kazi."

Dereva wa lori alikuwa mjomba wake Batula. Alituweka mbele, akaonya kwamba njia ni mbaya na kichwa kama changu hakitaki kutikiswa. Basi Batula alikipakata kichwa changu kwa mikono miwili njia nzima, kupitia Mwingi mpaka Thika, akilaani kila shimo. Alimlaani mjomba wake, alimlaani aliyechonga barabara, alinilaani mimi. "Kizito kama gunia la chumvi," alisema. Nilimtapikia mapajani, akanitukana, akageuza shuka upande mkavu, akakipakata tena. Karibu na Nairobi askari walitushusha, wakawapanga watu mstari, wakawapekua. Wanaume wa Kikuyu waliokuwa kwenye lori lililotutangulia walikuwa wamekalishwa chini kwenye vumbi, mikono kichwani. Askari mmoja alitaka nami nisimame mstarini. Nilijaribu, nikaanguka. Batula akampigia kelele kwa Kisomali, maneno ambayo siwezi kuyaandika, na nadhani askari yule aliyaelewa yote ingawa hakujua hata moja.

Wodi ya watoto ilikuwa chumba kirefu chenye vitanda vya chuma na harufu ya dawa ya sakafu. Chakula kilikuwa ugali na kabeji, siku nyingine maharagwe, kwenye sahani za bati zilizobonyea. Nyama hatukula kwa sababu hatukujua nani aliichinja. Batula alilala mtaa wa Eastleigh kwa jamaa za mjomba wake, na kila saa ya kuona wagonjwa alikuja na chupa ya maziwa ya ngamia na wali uliofungwa kwenye kitambaa, akagombana. Aligombana na mfagiaji, na mlinzi wa lango, na zaidi ya wote na nesi wa wodi yetu, Mtaita aitwaye Priska, mwanamke mnene mwenye sauti kama yake. Priska alimkataza kukaa kitandani, Batula alikaa. Priska alisema maziwa yale yananuka moshi. Batula alimwambia mdomo wake ndio unaonuka. Hawa wawili walichukiana kwa bidii, na nadhani kila mmoja aliifurahia saa ile kuliko kitu kingine chochote siku nzima. Kitanda cha pili alilala msichana wa Kikamba, Mwende, mdogo kuliko mimi. Alitembea kama mimi, alitapika asubuhi kama mimi, kichwa amekiinamisha kama mimi. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu mwenye ugonjwa wangu. Nilimkodolea macho mpaka akalia. Batula naye alimtazama sana, kisha akammiminia maziwa yangu yaliyobaki, akasema, "Chukua, huyu naacha."

Walinyoa nywele zangu zote, zile zile zilizoleta maneno. Wakatoboa fuvu matundu madogo, wakatia hewa ndani ili picha ya eksirei ionyeshe mahali kitu kilipo. Maumivu ya hewa ile sijawahi kuyapata tena, hata kuzaa hakukufikia. Siku hiyo hiyo wakanipeleka thieta. Nakumbuka kifuniko cha dawa ya usingizi kikishuka usoni, na sauti ya Batula nje ya mlango ikimwambia Priska haondoki. Nilipozinduka shingo ilikuwa ngumu kama ubao na dunia yote ilikuwa imefungwa bendeji. Batula alikuwa pale, juu ya kitanda. Priska alikuwa amesimama kando yake na hakumwambia ashuke. "Anaona?" Batula akauliza. Priska akainua vidole viwili mbele yangu. Nikasema viwili. Batula akasema, "Haya, angalau amejifunza hesabu," akatoka nje, na alichofanya huko nje sikukijua.

Miaka mingi baadaye daktari mmoja hapa hapa Garissa, binti wa Kisomali aliyesoma, alinishika kovu akanieleza kilichokuwa kimetokea. Nyuma ya kichwa, chini, kuna sehemu ya ubongo inayoshika usawa wa mwili, na hapo ndipo palipoota uvimbe wangu: mfuko wa maji wenye kinundu kimoja kwenye ukuta wake. Ulibana njia ambayo maji ya ubongo hupita, yakajaa ndani bila pa kutokea. Mtu akilala usiku msukumo huzidi, ndiyo maana nilitapika alfajiri. Aina ile huota polepole, na mpasuaji akikitoa kinundu chote, mara nyingi haurudi. Nikamwuliza kuhusu Mwende. Alifikiri, akasema huenda wa Mwende uliota mahali hapo hapo lakini ulikuwa wa aina nyingine, ile inayosambaa kwa maji hayo mpaka uti wa mgongo. Siku hizi baada ya upasuaji mtoto hupigwa mionzi na kupewa dawa kali, na wengi hupona. Wakati ule Nairobi hatukuwa na vitu hivyo. Kumbe ni hivyo tu. Watoto wawili wenye dalili zile zile, wodi moja, mpasuaji mmoja. Mmoja uvimbe wake ulikuwa na mwisho, mwingine haukuwa nao.

Mwende alifunguliwa, akafungwa tena, akafa kabla bendeji zangu hazijapunguzwa. Mama yake alikuwa mwanamke mwembamba aliyekuja na kikapu, akaondoka na kikapu. Batula alikuwepo. Alimngoja Priska amalize kutandua kitanda, kisha akamwuliza, safari hii bila kugombana, "Mama yake huyu, bwana yake naoa mke mwingine?"

"Hapana. Yuko peke yake. Kwa nini?"

"Kumbe nani natia yeye jicho?"

Priska hakuelewa. Batula hakumweleza. Lakini niliuona uso wake ukibadilika, kama mtu aliyeshika kitu alichokuwa akikitafuta gizani kwa muda mrefu. Nafikiri mpaka siku ile hata yeye hakuwa na hakika. Walikuwa wamemwambia sana kwamba ni yeye, na mtu akiambiwa sana huanza kujipekua.

Basi akataka mashahidi. Haji Nuur, mfanyabiashara wa ng'ombe, mmoja wa waliovumisha habari za jicho Garissa nzima, alikuwa Nairobi na mifugo yake. Batula alimfuata mpaka zizini akamleta hospitali pamoja na mzee mwingine, sijui alitumia ahadi gani au tusi gani, wakasimama miguuni mwa kitanda changu na bakora zao. Daktari mpasuaji alipopita, mwanamume mrefu mwenye mabega yaliyoinama, Batula akamzibia njia. Akamwambia Priska, "Uliza yeye. Hiyo kitu ya kichwa, nani naweka?"

Priska akauliza kwa Kiingereza. Daktari alianza kucheka, akauona uso wa Batula, akaacha. Akajibu taratibu, na Priska akatafsiri: "Anasema hakuna mtu aliyeweka. Kimeota chenyewe ndani ya mwili wa mtoto."

Batula akawageuzia wazee, akalirudia kwa Kisomali, kwa sauti ya kuuza mifugo: "Hakuna mtu! Mmesikia? Amekishika kwa mkono wake, na anasema hakuna mtu!"

Haji Nuur akakohoa. "Muulize kwa nini kimeota kwa huyu, kisiote kwa mtoto mwingine."

Priska akauliza. Daktari akafikiri. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake ulituponza. "Anasema hajui. Anasema bado hakuna daktari anayejua."

"Ehee," akasema Haji Nuur. "Hajui." Akamtazama mwenzake. "Umesikia kwa masikio yako. Mzungu mwenyewe hajui kilikotoka."

"Amesema hakuna mtu!" Batula alipiga kelele mpaka watoto wakaamka.

"Mungu ndiye ajuaye."

"Mungu anajua, ndiyo. Asiyejua ni wewe!"

Wazee wakaondoka wakigonga bakora sakafuni. Daktari akauliza kuna nini, na Priska akamwambia sijui nini. Batula akaketi kitandani kwangu, mgongo amenipa, na kwa mara ya kwanza katika mwaka ule nilimwona amechoka.

Nilijifunza kutembea upya nikishika vyuma vya vitanda, Batula akinifuata nyuma na kunisahihisha kama punda. Jicho la kushoto lilibaki na ukungu, na mpaka leo siwezi kubeba kikombe kilichojaa. Tuliporudi Garissa nywele zilikuwa zimeanza kuota, nami nilikuwa ninakwenda kwa miguu yangu mwenyewe, mchana, mbele ya watu. Nilidhani watamwomba radhi. Hooyo alitoka nje akanikumbatia, akalia, akanigeuza, akaliona kovu linaloshuka mpaka shingoni. Hakumwambia Batula neno. Jioni wageni walijaa chumbani kwa Hooyo, sauti zao zikivuka ukuta ule. Haji Nuur alikuwa ametangulia kufika. Walikuwa wakisema kwamba hata Mzungu alishindwa kujua kilikotoka. Kisha mmoja akauliza, imekuwaje mwanamke yule akimbilie moja kwa moja mahali kinapoweza kutolewa, wakati baba na mama hawakujua? Na Hooyo, mama yangu, ambaye nilikuwa nimelala mapajani pake, akasema, "Si alijua alipokiweka."

Ndivyo walivyofanya. Ningekufa, ingekuwa ni yeye aliyeniua. Nilipona, ikawa kupona kwangu ndiko kunakotoa ushahidi dhidi yake. Hapakuwa na mlango wowote alioachiwa. Nimeishi maisha marefu nikitafuta namna ya kuwaelewa watu wale, na nimechoka kuwaelewa. Hofu ilikuwepo, ujinga ulikuwepo, sawa. Lakini palikuwa na raha pia. Niliisikia sautini mwao walipokuwa wakipitishiana kahawa. Baba alivumilia mpaka mvua za vuli, kisha akampa talaka, akieleza mbele ya benchi lile lile kwamba nyumba haina amani.

Batula aliondoka na lori la kwenda Modogashe, ambako baadaye alifungua hoteli ya chai kwenye njia panda ya malori, akaolewa, akazaa. Siku ile sokoni walijaa watu waliojifanya wana shughuli. Hooyo naye alikuja, mtoto mgongoni, mimi amenishika kiganja cha mkono, kwa sababu alitaka kumwona akipanda kwa macho yake. Batula alipanda juu ya magunia, kifurushi chake kimoja magotini, akatazama mbele. Hakuna aliyemuaga. Lori lilipoanza kunguruma kitu kikanipanda kifuani. Haukuwa upendo, nimekwisha kusema. Nilikuwa na hasira tu, ile ile aliyonifundisha njia nzima ya Nairobi. Nikachomoa mkono, nikakimbia kwa mwendo wangu wa kupepesuka mpaka kwenye gurudumu, nikapiga kelele ili soko lote lisikie: "Ulikuwa ugonjwa! Nyinyi wote ni waongo! Ulikuwa ugonjwa tu, na Mwende alikuwa nao!"

Soko likageuka kunitazama. Hakuna aliyejua Mwende ni nani. Batula akainamisha uso, akanitazama kutoka juu ya magunia kwa jicho lake lile kavu.

"Usipige kelele," akasema. "Kichwa chako bado hakijakauka."

Lori likaondoka. Hooyo akanifikia, aibu imemjaa, akauinua mkono juu kabisa ili anizabe kofi mbele ya watu wote. Niliuona ukishuka. Ukafika usawa wa sikio langu, ukasita, ukakipita kichwa, ukanipiga begani.